Kutoka mchezaji hadi benchi la ufundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ukocha wa mpira wa kikapu

Maswali haya naulizwa pembeni ya kiwanja baada ya mazoezi, wakati mipira inarudishwa gunini na jua linazama. Wengine huniuliza kwa simu usiku. Wazazi hunisimamisha sokoni Darajani. Mimi nimecheza misimu 9, minne kati ya hiyo kwa malipo upande wa Bara, kisha goti likakataa. Sasa nanoa vijana hapa Unguja na kila nikipata nafasi navuka kwenda Pemba. Nimeyaandika majibu ili kijana anayefikiria njia hii ayasome kwa utulivu, na mzazi wake naye ayasome.

Mchezaji mzuri si ndiye kocha mzuri?

Hapana, na hili ndilo jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote yaliyomo humu.

Magic Johnson alitwaa mataji 5 ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, akiwa na Los Angeles Lakers. Pasi alizokuwa akizitoa, watu wanaziangalia mpaka leo. Mwaka 1994 akakabidhiwa timu hiyo hiyo aifundishe. Alikaa mechi 16 tu. Alishinda 5, akapoteza 11, akaondoka. Mpira alikuwa anaujua vizuri sana, lakini kuujua mchezo kwa mwili wako ni jambo moja, na kuufikisha kwenye mwili wa mtu mwingine ni jambo jingine kabisa.

Nililipata somo hilo mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Kijana mmoja wa Jang'ombe, mwembamba, mwenye masikio ya kusikiliza, aliniuliza: "Kocha, ukipokea mpira ukiwa unakwenda kulia, unatua na mguu gani kwanza kabla ya kutupa?" Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Nimetupa mpira ule maelfu ya mara na sijui mguu gani unatangulia! Nikamwambia asubiri. Nikampa mwenzake simu anirekodi, nikatupa mara kumi. Tukachutama watatu chini ya ubao tukiangalia video polepole. Mguu wa kushoto ulikuwa unatua kwanza, wa kulia unafuata, na vidole vya wa kulia vinageukia ringi kabla bega halijageuka. Mwili wangu ulikuwa unalijua jambo hilo miaka yote, mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Siku ile ndipo nilipoanza kuwa kocha, ingawa filimbi nilikuwa nayo shingoni tangu miezi 7 nyuma.

Basi nani anakuwa kocha mzuri?

Mara nyingi ni yule aliyelazimika kufikiri ili apate nafasi ya kucheza.

Mtazame Steve Kerr. Alizaliwa Beirut mwaka 1965, akakulia Lebanon, Misri na Marekani. Baba yake, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, aliuawa kwa risasi mwaka 1984, wakati Kerr ni kijana wa chuo mwaka wa kwanza. Mwaka 1986 goti lake likakatika ligamenti akiichezea timu ya taifa kwenye mashindano ya dunia kule Uhispania, akakosa msimu mzima. Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu mwaka 1988 alikuwa chaguo la 50. Hakuwa na mbio wala kimo, na kuruka kwake kulikuwa kwa kawaida. Katika misimu yake 15 wastani wake ulikuwa pointi 6 kwa mechi, na mechi alizoanza ni chache sana. Muda mwingi alikuwa amekaa benchi akiangalia.

Lakini alikaa benchi la kocha nani? La Phil Jackson pale Chicago Bulls, kisha la Gregg Popovich pale San Antonio Spurs. Alitwaa mataji 5 akiwa mchezaji: 1996, 1997, 1998, 1999 na 2003. Na aliijua kazi yake moja vizuri mno, kutupa kwa mbali. Asilimia 45.4 ya mitupo yake ya pointi tatu iliingia, na hakuna aliyemaliza maisha yake ya NBA akiwa juu yake. Mwaka 1997, mechi ya sita ya fainali dhidi ya Utah, sekunde zimebaki chache, walinzi wawili wakamvamia Michael Jordan, Jordan akampasia Kerr, Kerr akafunga. Mtu aliyekaa benchi alikuwa tayari kwa sababu alikuwa anaufuata mchezo muda wote.

Alipoacha kucheza hakukimbilia kufundisha. Alitangaza mechi kwenye televisheni, akawa meneja mkuu wa Phoenix Suns, akarudi kutangaza. Golden State Warriors walimpa timu mwaka 2014, miaka 11 baada ya kutundika viatu. Alikuta timu yenye watupaji hodari lakini iliyo mkiani mwa ligi kwa idadi ya pasi, akawataka wafikishe pasi 300 kila mechi. Akamwomba Andre Iguodala, mchezaji nyota, akubali kuanzia benchi. Fikiria ombi hilo kwa mtu mwenye jina lake! Lakini aliyeomba ni mtu aliyeishi benchini na anajua heshima ya mahali pale. Msimu ule ule wakachukua ubingwa, na mchezaji bora wa fainali akawa Iguodala. Baada ya hapo Kerr ametwaa tena mwaka 2017, 2018 na 2022, na medali ya dhahabu ya Olimpiki Paris mwaka 2024.

Kwa hiyo kijana wangu unayenuna kwa sababu dakika zako ni chache: usinune. Hapo ulipokaa ndipo unapouona mchezo mzima.

Je, lazima nisubiri miaka kama Kerr?

Si lazima. Jason Kidd alistaafu kucheza Juni 2013, na kabla mwezi haujaisha alikuwa kocha mkuu wa Brooklyn Nets. Lakini ujue aliyapitia mengi mbele ya macho ya watu. Novemba ya mwaka ule hakuwa amebakiwa na muda wa kupumzika wa kuomba, akasababisha kinywaji kimwagike uwanjani ili mchezo usimame. Ligi ikamtoza faini ya dola 50,000. Makosa ya kocha mpya yapo tu. Ni bora uyafanye kwa timu ya watoto wa miaka 12, ambako gharama yake ni ndogo na unayarekebisha kesho yake.

Naweza kucheza na kufundisha kwa wakati mmoja?

Hapa visiwani wengi wetu tumefanya hivyo kwa sababu hakuna mtu mwingine. Aliyelifanya vizuri kuliko wote ni Bill Russell wa Boston Celtics. Mwaka 1966 alichukua nafasi ya kocha Red Auerbach huku bado akicheza, akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika NBA. Mwaka wa kwanza walitolewa na Philadelphia. Mwaka 1968 na 1969 wakawa mabingwa, yeye akiwa ndani ya kiwanja na filimbi yake kichwani.

Ushauri wangu: ukilazimika, teua mwenzako aliye nje akusaidie kuhesabu madhambi (faulo) na kuomba mapumziko. Ukiwa umechoka, moyo unakwenda mbio na mtu kakukanyaga, huwezi kuona kwamba mlinzi wako wa kushoto ana madhambi manne. Mimi nilimpoteza mchezaji wangu bora katika nusu fainali namna hiyo. Alitimiza la tano, ambalo humtoa mtu mchezoni, dakika ya kwanza ya robo ya nne, na mimi nilidhani ana matatu.

Hapa Zanzibar, mchezaji wa kikapu analipwa?

Kwa njia mbili, na zote mbili zina masharti yake.

Ya kwanza ni ajira kupitia vikosi vya ulinzi. Wanamichezo wengi wa visiwani wamepata kazi ya kudumu, mshahara wa kila mwezi na pensheni kwa sababu waliitumikia timu ya kikosi. Ni njia ya heshima na nimeona familia zikiinuka kwayo. Ya pili ni kuvuka kwenda Bara, Dar es Salaam zaidi, ambako klabu zinalipa posho au mshahara wa msimu.

Mimi nilikwenda njia ya pili. Msimu wa mwisho klabu yangu haikunilipa miezi miwili, na kwa kuwa tulikubaliana kwa mdomo sikuwa na karatasi ya kushika. Goti nilijitibu mwenyewe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo kabla hujapanda boti, yafuatayo yawe yameandikwa na kutiwa saini: tarehe ya malipo, nani anagharamia matibabu ukiumia mazoezini na si kwenye mechi tu, nani analipa nauli na chumba, na namna utakavyopewa barua ya kuruhusiwa kuhama. Mwombe mtu mzima asome pamoja nawe. Klabu ya kweli haikasiriki ukiomba maandishi.

Na kocha?

Kidogo zaidi. Karibu makocha wote ninaowafahamu hapa wana kazi nyingine ya kuwaweka mjini. Mimi asubuhi nasomesha hesabu skuli. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaacha kazi yake kwa matumaini. Posho za mashindano zipo, kambi za timu ya mkoa zipo, na skuli binafsi nyengine hulipa mwalimu wa michezo. Ukiunganisha vipande hivyo unapata kitu, lakini ni vipande.

Kutoka Zanzibar mtu anaweza kufika NBA?

Mtanzania amefika. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa chaguo la pili la NBA mwaka 2009, akachaguliwa na Memphis Grizzlies mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Aliuanza mpira huu akiwa kijana mkubwa tayari, akaenda kusoma Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Ana urefu unaozidi mita 2.2, na urefu huo haufundishwi.

Wazazi, hapa nawasihi. Mtu akija na barua inayosema mwanao amepata nafasi ya skuli ng'ambo, na kwanza utume pesa za "kushughulikia", usitume. Waulize chama cha mpira wa kikapu na iandikie skuli yenyewe. Nafasi ya kweli haikimbii kwa kuulizwa.

Mimi mfupi. Nifanye nini?

Jifunze kutumia mkono wa kushoto. Na ukocha hauna kimo.

Kuna Mwafrika aliyepita njia hii ya mchezaji kisha ukocha?

Wapo wengi, lakini habari inayonigusa ni ya Sudan Kusini. Luol Deng, mzaliwa wa Wau, alicheza NBA misimu 15. Alipomaliza akashika shirikisho la nchi yake mwaka 2019. Kufundisha akampa Royal Ivey, Mmarekani aliyecheza NBA miaka 10 bila ya kuwa nyota popote, mlinzi wa kuingia akitokea benchi. Unaona? Tunarudi kwa watu wale wale wa benchi.

Nchi ile haikuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani wa mpira wa kikapu. Mwaka 2023 wakafuzu Olimpiki kupitia Kombe la Dunia. Julai 2024 mjini London, katika mechi ya kirafiki, wakaipeleka Marekani mpaka sekunde za mwisho, 101 kwa 100, na aliyeifundisha Marekani siku hiyo ni Steve Kerr. Wiki moja baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Tuliitazama kwa simu moja tukiwa watu kumi na tano barazani, na wazee waliokuwa wanacheza bao pembeni waliacha kete zao wakaja kuuliza nani anacheza.

Halafu yupo Hakeem Olajuwon wa Lagos. Huyu hakuwa kocha mkuu popote, lakini ni mwalimu kwa maana halisi. Alianza na soka na mpira wa mikono, na miguu ile mepesi ya soka ndiyo iliyomfanya awazungushe walinzi chini ya ringi. Alitwaa ubingwa na Houston Rockets mwaka 1994 na 1995. Alipostaafu, nyota waliokuwa bado wanacheza, akina Kobe Bryant na LeBron James, walimfuata Houston awafundishe hatua zake. Watoto wengi wa Unguja wamekulia kwenye soka la mchangani. Miguu wanayo tayari, kilichobaki ni mikono.

Ramadhani mnafanyaje?

Tunafanya mazoezi usiku baada ya Tarawehe, dakika 60, bila ya mbio ndefu. Watupaji wanatupa, wengine tunazungumza mbinu kwa chaki sakafuni. Olajuwon alicheza huku amefunga saumu. Februari 1995, mwezi ulioangukia Ramadhani, alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA. Nawaambia vijana habari hiyo si kwa kuwalazimisha, kila mtu anaijua afya yake. Mtoto akianza kuona kizunguzungu anakaa, na hakuna wa kumcheka.

Binti yangu anavaa hijabu. Ataruhusiwa kucheza na kufundisha?

Ndiyo, na swali hili naomba lijibiwe kwa sauti kubwa kila skuli.

Zamani FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilikuwa inakataza kuvaa kitu kichwani. Mwaka 2014, kwenye Michezo ya Asia mjini Incheon, timu ya wanawake ya Qatar iliacha kucheza kwa sababu hiyo. Huko Marekani, Bilqis Abdul-Qaadir, aliyefunga zaidi ya pointi 3,000 akiwa skuli ya sekondari Massachusetts na kucheza chuo kikuu akiwa na hijabu, aliukuta mlango wa kulipwa umefungwa kwa kanuni hiyo. Hakunyamaza, akaipigania mpaka kanuni ikabadilika, na mwenyewe akaingia kwenye kufundisha. Tangu Oktoba 2017 FIBA inaruhusu. Masharti ni mepesi: kisifunike uso, kisiwe na kitu cha kuumiza, na rangi iwe nyeusi, nyeupe au inayofanana na jezi, wachezaji wote wa timu wavae rangi moja.

Kuhusu kufundisha, mtazameni Becky Hammon. Mwaka 1999 hakuna timu ya WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, iliyomchagua, akaingia kwa mlango wa nyuma, akacheza mpaka 2014. Popovich akamchukua kuwa kocha msaidizi wa Spurs, timu ya wanaume. Tarehe 30 Desemba 2020 Popovich alipotolewa uwanjani, Hammon akaiongoza timu, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika mechi ya NBA. Baadaye akashika Las Vegas Aces na kuwapa ubingwa mwaka 2022, 2023 na 2025. Na karibu na kwetu, Liz Mills wa Australia aliifundisha timu ya wanaume ya Kenya, wakaifunga Angola kwa pointi moja mwaka 2021 na kufuzu mashindano ya Afrika.

Katika kundi langu la watoto, msaidizi wangu ni binti wa miaka 22. Yeye ndiye anayeona mapema nani anavaa viatu vidogo na anaficha maumivu.

Masomo ya ukocha yanapatikana wapi?

Anza kujiandikisha kwenye chama cha mpira wa kikapu cha Zanzibar. Katika FIBA, Zanzibar haina kiti chake, tunaingia kupitia shirikisho la Tanzania, kwa hivyo kozi za leseni hupita huko, na nyingine huletwa kwa msaada wa kamati ya Olimpiki. Jumuiya ya makocha ya dunia iliyo chini ya FIBA ina vitabu vya mafunzo vya ngazi tatu, bure kwenye intaneti. Vimeandikwa kwa Kiingereza. Mimi na wenzangu wawili tulivisoma kwa zamu kila Ijumaa jioni, kila mtu akileta ukurasa wake kwa Kiswahili, na baadhi ya maneno tuliyoyatunga usiku ule ndiyo tunayoyatumia mpaka leo.

Usidharau ukocha msaidizi. Msimu wa 2015 Kerr alikuwa mgonjwa wa mgongo, timu ikashikwa na msaidizi wake Luke Walton, naye aliyekuwa mchezaji. Wakaanza kwa ushindi wa mechi 24 mfululizo.

Kanuni zipi kocha mpya huzisahau?

Mapumziko. Una 2 katika nusu ya kwanza na 3 katika ya pili, na dakika mbili za mwisho za robo ya nne huwezi kutumia zaidi ya 2 hata kama hujatumia hata moja. Kila moja ni dakika moja tu. Ukitumia sekunde 40 kufoka umebakiwa na 20 za kufundisha. Mimi huanza kwa kuwapa maji na kukaa kimya mpaka pumzi zishuke, kisha nasema mambo mawili tu. La tatu hawalisikii.

Na mdomo wako. Ukipewa faulo mbili za kiufundi kwa utovu wako mwenyewe wa nidhamu unatoka nje, na tatu ukichanganya na za benchi lako. Kwenye mchezo wa watatu kwa watatu wachezaji wanajiamulia mengi wenyewe. Napenda kuwapeleka vijana wangu huko kwa ajili hiyo hiyo.

Niko Pemba, kijijini kwetu hakuna kiwanja. Nianzie wapi?

Anzia kwa fundi wa kuchomea.

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu nimeona ringi nyingi zilizotengenezwa kwa kukisia, na mtoto anayejifunza kwenye ringi ya makosa anajifunza makosa. Ringi upana wake wa ndani ni sentimita 45. Chuma kiwe cha mduara, unene wa milimita 16 hadi 20, nondo nzuri inafaa. Mwambie fundi akisugue kwa tupa mpaka sehemu ya maungio isikwaruze mkono. Juu ya ringi mpaka chini ni mita 3.05, na kwa watoto chini ya miaka 12 ishushe mpaka mita 2.60. Ubao ni mita 1.80 kwa 1.05. Bati usitumie, mpira haurudi sawasawa na kelele yake inachosha jirani. Paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kwani hewa yetu ya chumvi haimsubiri mtu. Nguzo ichimbiwe nje ya mstari, ubao usogee mbele, ili mtoto anayekimbilia kufunga asiivae.

Kiwanja kamili ni mita 28 kwa 15, lakini usikisubiri. Nusu ya hapo na ringi moja inatosha kulea makundi mawili. Mpira namba 5 kwa watoto, 6 kwa wanawake, 7 kwa wanaume.

Halafu upepo. Kwenye viwanja vya wazi, kusi ikipiga, mtupo mrefu unasukumwa ukiwa hewani. Nilikuwa napoteza jioni nzima nikiwarekebisha watoto mikono ambayo haikuwa na kosa. Sasa miezi ya kusi tunafanya kazi ya karibu na ringi: hatua, pasi za kudunda, ulinzi wa mtu kwa mtu. Mitupo ya mbali tunaihamishia alfajiri, upepo ukiwa bado umelala.

Mazoezi yako yanapangwaje?

Dakika 90, tunaanza baada ya Alasiri ili wa chuoni wawe wamerudi. Kumi za kwanza ni kufagia. Nasema kweli, kwa fagio la chelewa, wote, na mimi nikiwemo, kwa kuwa mchanga kidogo juu ya saruji ndio unaovunja vifundo vya miguu. Ishirini za kudribo na pasi, mikono yote miwili. Zinazobaki karibu zote ni michezo midogo, wawili kwa wawili na watatu kwa watatu, na nasimamisha nikiona jambo moja tu nililolipanga siku hiyo. Nikiona mengine nayaandika daftarini kwa ajili ya kesho. Kabla ya Magharibi kila mmoja anatupa mitupo huru 10 akiwa amechoka, na idadi yake inaandikwa.

Daftari hizo ninazo kumi na moja. Yule kijana wa Jang'ombe yumo kuanzia la kwanza: 3 kati ya 10, 4, 3, 5. Katika la sita amefika 8. Sasa anafundisha watoto wa skuli yake ya zamani.

Naweza kuja kuangalia tu, sijawahi kufundisha?

Karibu sana. Njoo siku yoyote isipokuwa Ijumaa, ufike mapema kidogo. Chukua kalamu na daftari, na viatu vya raba. Kaa upande wa mnazi ambako watoto wa akiba wanakaa, uwaulize wanaona nini. Mafagio yako nyuma ya ukuta wa skuli, chukua moja ukipita.